SHA inanikata kila mwezi, mbona hailipi IVF?

Swali ni la dada mmoja wa Kayole, nimelifupisha kidogo: "Daktari, niko na miaka 33, tuko kwa ndoa mwaka wa tano na mtoto hatujapata. Nilipigwa ile eksirei ya dawa nikaambiwa mirija yote miwili imeziba, njia ni IVF tu, ile ya kutungisha mimba maabara, na bei niliyopewa Hurlingham ni laki tano. Mimi ni kashia wa supamaketi, nalipwa elfu arobaini, na SHA, ile bima ya afya ya serikali, inanikata kila mwezi. Nikijifungua SHA inalipa, nikishindwa kushika mimba hailipi, hiyo ni haki kweli? Binamu yangu wa Glasgow aliambiwa serikali italipa mpaka raundi tatu. Mwingine yuko England, si ni Uingereza hiyo hiyo, akakataliwa ati kwa sababu bwanake ana mtoto wa nje. Nisaidie kuelewa, na uniambie nifanye nini sai."

Dadangu, nianze na hesabu yako mwenyewe. Elfu arobaini kwa 2.75% ni shilingi 1,100 kwa mwezi, 13,200 kwa mwaka, kwa hivyo tukingoja makato yako pekee yafikie laki tano utakaa kwa hiyo kaunta karibu miaka 38. Sisemi hivi kukukejeli, nasema kwa sababu wengi wakilalamika huniambia "si wanirudishie tu pesa yangu nijitibu", na bima haifanyi kazi hivo, bima ni kama ile chama ya mazishi, wengi wanachanga ili aliyeangukiwa na shida mwezi huo alipiwe, na kazi ngumu ni kukubaliana shida gani ni ya wote na shida gani mtu abebe kivyake.

Kwa sasa tumekubaliana kujifungua ni ya wote. SHA, ile ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipa elfu kumi kwa kujifungua kwa kawaida na elfu thelathini kwa oparesheni. IVF haimo. Na ukimuuliza mtu wa bajeti atakwambia laki tano ni oparesheni za akina mama kumi na sita na chenji inabaki, na hao karibu wote wanaenda nyumbani na mtoto, wakati IVF inaweza kuisha na mtu atoke mikono mitupu. Hiyo hesabu ni ya kweli, siwezi kuifanya kama sijaiona, hata mimi ningepewa hizo pesa na wodi ya akina mama imejaa ningefikiria mara mbili. Shida yangu ni kwamba inaanzia mahali pabaya. Inaanzia kwa IVF, na IVF ndio mwisho wa barabara. Pesa ya umma ilikukosa wewe miaka mingi kabla hujasikia hilo neno, na kitu kikubwa ilichokupotezea ni muda wako.

Tuulize kwanza hiyo mirija iliziba aje. Huku kwetu sababu kubwa ni maambukizi: magonjwa ya zinaa kama klamidia na kisonono yaliyopanda juu yakaleta PID, yaani maambukizi ya viungo vya ndani vya uzazi, maambukizi baada ya kujifungua au mimba kutoka, hasa ikitolewa na mtu asiyejua kazi, apendiksi iliyopasuka, na TB ya kizazi ambayo wengi hawajui hata kama iko. Klamidia ndio mjanja kushinda zote kwa sababu wanawake wengi hawasikii kitu, hakuna uchafu, hakuna maumivu, mtu anaendelea na maisha yake na mrija unaendelea kufanya kovu. Sasa angalia venye zahanati zetu za umma zimekuwa zikifanya kazi kwa miaka mingi, unatibiwa kulingana na dalili, ukija na uchafu au maumivu chini ya tumbo unapewa dawa za kufunika magonjwa kadhaa mara moja, basi unaenda. Kama huna maabara hiyo ni njia ya busara na imesaidia watu wengi sana. Lakini asiye na dalili hapimwi, asiyepimwa hatibiwi, na ndio huyo huyo anakuja kwangu miaka kumi baadaye akiwa na filamu ya HSG, ile eksirei ya dawa ya kuangalia mirija, mkononi. Klamidia ikijulikana mapema dawa yake ni ya siku saba, ni ya bei ya chini kabisa, na mume au mpenzi anapewa pia. Kipimo kizuri cha kuikamata kiko hapa Nairobi, maabara za kulipia wanacho, ni suala tu la nani anakipata.

Ndio maana mtu akiniambia ati IVF ni anasa ya watu wa Karen huwa namwangalia tu. Mirija iliyoziba haiko Karen kwa wingi. Iko Kayole, iko Mathare, iko Kawangware, mahali mtu alijifungulia pabaya au alitibiwa kwa kubahatisha. Wenye uhitaji mkubwa wa IVF ndio walio mbali nayo kabisa, na mwenye pesa anakuja kwa IVF mara nyingi kwa sababu nyingine, kwa mfano umri umesonga akiwa kazini.

Alafu kuna historia ambayo haisemwi sana. Kenya ilianza mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka wa 1967, ikawa kati ya nchi za kwanza kusini mwa Sahara kufanya hivo, na kwa miongo mingi wizara, wafadhili na semina zote zilikuwa na lugha moja tu, kupunguza. Mwishoni mwa miaka ya sabini mwanamke wa Kenya kwa wastani alikuwa anazaa watoto wanane, ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, wa 2022 ukapata 3.4. Ni kazi kubwa ilifanywa, sitaki kuidharau. Lakini mfumo uliojengwa kwa hofu ya watu kuzaa sana hauna sikio la kusikia asiyezaa, hata fomu hazina mahali pa kumwandika. Ukienda kliniki ya uzazi wa mpango utapata sindano, koili, vidonge na ushauri bila malipo au kwa bei ndogo, ukisema wewe shida yako ni kinyume unaandikiwa rufaa. Na bado WHO walisema mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita duniani atapitia ugumba wakati fulani maishani, na tofauti kati ya nchi tajiri na maskini ni ndogo sana, 17.8% kwa 16.5%. Kwa hivyo shida imegawanywa karibu sawa, ni matibabu ndio hayakugawanywa. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 43 inataja haki ya afya ya juu iwezekanavyo, pamoja na afya ya uzazi, na sijaona mahali imeandikwa afya ya uzazi ni ya wenye wameshazaa pekee.

Sasa hebu nikuonyeshe hiyo miaka inaendaje, manake hapa ndipo ninapokasirika. Mwanamke anaanza kujaribu akiwa 27. Mwaka unapita. Mwaka wa pili mama mkwe anaanza maneno. Anaenda dispensari, anaambiwa arudi, anapewa folik. Anapata barua ya rufaa aende hospitali ya kaunti, kliniki ya akina mama ni siku moja kwa wiki na daktari ana watu sitini, anaonwa dakika tano, anaandikiwa skani na homoni. Majibu ya homoni ni ya kulipia nje kwa sababu kemikali za maabara zimeisha. Anarudi baada ya mwezi, anapata daktari mwingine, anaanza hadithi upya. HSG lazima ifanywe siku chache baada ya hedhi kuisha, akikosa nafasi wiki hiyo anangoja mwezi mwingine, na kila siku ya kliniki ni siku ya mshahara imekatwa pale kazini. Katikati ya hayo yote kunatokea mgomo, ule wa madaktari wa 2017 ulikaa siku 100, ule wa 2024 ukakaa siku 56, na huduma za kwanza kusimama ni hizi zinazoitwa si za dharura, nazo za mwisho kurudi ni hizo hizo. Kuna hospitali moja ya umma nilifanya kazi, kipindi kizima tulikuwa tunawaambia wagonjwa waje na dawa ya eksirei wameinunua wenyewe. Mtu anafika mwisho wa vipimo akiwa 31, 32, na mume bado hajapimwa.

Mwenye pesa anafanya yote hayo kwa wiki mbili hapo Upper Hill ama Parklands, asubuhi damu, jioni skani, mume anapimwa siku hiyo hiyo.

Na uzazi haungoji foleni. Uingereza wana ofisi ya serikali inaitwa HFEA ambayo kazi yake ni kusimamia kliniki zote za IVF na kutangaza matokeo, na takwimu zao zinaonyesha kwamba kwa wanawake chini ya miaka 35 kila kiinitete, yaani yai lililorutubishwa, kinachopandikizwa kina nafasi ya karibu moja kwa tatu kuwa mtoto, ukifika 43 ni karibu moja kwa ishirini. Kwa hivyo watu wawili wenye ugonjwa ule ule, mmoja akipotezewa miaka sita kwa foleni, hata mkija kuwapa wote IVF ya bure siku moja hamjawapa kitu sawa.

Twende kwa mabinamu zako.

Yule wa Glasgow hakuwa na bahati ya ajabu, alikuwa tu Uskoti. Huko masharti ni mamoja nchi nzima, chini ya miaka 40 unapata hadi raundi tatu, na ikiwa mmoja wenu hana mtoto wake wa kuzaa bado mnaweza kukubaliwa. England ni hadithi nyingine. Wana mwongozo wa taasisi yao inaitwa NICE, wa 2004 uliofanyiwa marekebisho 2013, unasema mwanamke wa chini ya miaka 40 aliyejaribu miaka miwili apewe raundi tatu kamili, wa 40 hadi 42 apewe moja. Karatasi nzuri sana. Lakini mwongozo si amri. Pesa ziko kwa bodi za afya za maeneo, na zilipoundwa Julai 2022 zilikuwa 42, na kila bodi inaamua yake. Nyingi hulipa raundi moja tu. Nyingine ukisoma vizuri hata hiyo moja si kamili, wanakulipia kupandikiza kiinitete kimoja au viwili, vile vingine vilivyogandishwa ujijazie. Na bodi nyingi zina lile sharti lililomkamata binamu yako, ati mmoja wenu akiwa na mtoto kutoka uhusiano wa zamani nyote wawili mko nje, hata kama mwanamke mwenyewe hajawahi kuzaa na mtoto anaishi na mama yake mji mwingine kabisa. Ukihama mtaa ukavuka mpaka wa bodi unaweza kupata ulichokosa jana. Wenyewe wanaiita bahati nasibu ya anwani ya posta, yaani unapoishi ndipo panaamua utapata nini, na wameipigia kelele miaka ishirini bila kuimaliza.

Wanawake wawili wanaoishi pamoja kama wapenzi wao mara nyingi huambiwa wajilipie kwanza raundi sita au zaidi za kuwekewa mbegu kliniki ndio wathibitishe hawashiki mimba, hapo mtu ameshamaliza maelfu ya pauni kabla serikali haijamtambua. Na kwa sababu najua wasomaji wengi wana dada na shangazi waliokwenda huko kusoma ama kufanya kazi: tangu Agosti 2017 mtu aliye kwa viza na amelipa ile ada ya afya ya wahamiaji anapata huduma karibu zote za NHS, ile huduma ya afya ya serikali yao, lakini IVF iliondolewa kwa hiyo orodha, mpaka apate ukaazi wa kudumu. Analipa kodi, analipa ada, na hapo anaambiwa ajitegemee. Ukiona inafanana na malalamiko yako ya SHA hujakosea.

Matokeo yake ni kwamba nchi ambayo Louise Brown alizaliwa, yule mtoto wa kwanza wa IVF duniani, Julai 1978 hapo Oldham, mwaka wa 2023 serikali ililipia asilimia 27 tu ya IVF zilizofanywa Uingereza nzima, kutoka 35 mwaka wa 2019. Zile zingine watu wametoa mfukoni. Kwa hivyo usidhani ukishaandika IVF kwa sheria kazi imeisha, ukiacha kila ofisi itunge masharti yake utapata foleni mpya yenye milango mingi, na anayeijua milango ni yule mwenye elimu na muda wa kuandika barua za rufaa.

Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Afrika Kusini, na huu nauheshimu. Wana hospitali za umma zinazofanya IVF, Groote Schuur pale Cape Town ni moja yao, serikali inabeba sehemu ya gharama na mgonjwa anabeba sehemu. Watafiti waliwafuata wagonjwa wa Groote Schuur wakachapisha mwaka wa 2013, wakakuta hata baada ya ruzuku familia moja kati ya tano ilitumia pesa za kiwango cha kuiumiza kabisa, na kwa theluthi ya walio maskini zaidi ikawa nusu yao. Watu walikata chakula, walimaliza akiba, walikopa, walitafuta vibarua vya ziada. Ndio uone ruzuku nusu inasaidia watu wa kati na inawaacha wale wa chini wakikopa. Mimi bado naichukua kuliko sifuri tuliyo nayo, lakini nimejifunza kuuliza bei inayobaki ni ya nani.

Na kama mtu anasema haiwezekani kabisa, Israeli inalipia IVF mpaka mtu apate watoto wawili, hadi umri wa miaka 45. Hiyo ni siasa yao na sababu zao, sisemi tuige, pesa zetu si zao. Nasema tu uamuzi wa nani alipiwe ni wa kisiasa kila mahali.

Hapa kwetu watoto wa kwanza wa IVF walizaliwa 2006, kazi ya kliniki ya kulipia ya Daktari Joshua Noreh hapa Nairobi, na miaka hii yote imebaki biashara ya kulipia, kliniki nyingi ziko Nairobi, chache Mombasa, Kisumu na Eldoret. Mtu wa Garissa au Lodwar analipa bei ile ile pamoja na nauli na kulala wiki mbili mjini. Millie Odhiambo, mbunge wa Suba North, amesukuma mswada wa mambo haya tangu 2014, ukaanguka ukarudi, ukaanguka ukarudi, huu wa 2022 Bunge la Taifa likaupitisha Novemba 2025 ukaelekea Seneti. Naunga mkono kwa sababu kliniki bila kudhibitiwa ni hatari. Lakini watu wasichanganye, kudhibiti kliniki ni jambo moja na kulipa bili ni lingine. Mwezi huo huo WHO wakatoa mwongozo wao wa kwanza kabisa kuhusu ugumba, kwa hivyo hata kisingizio cha kukosa mwongozo kimeisha.

Ningepewa mimi kalamu ya SHA, ningeanza chini. Kipimo cha mume, skani, HSG na homoni zilipwe kwa hospitali ya kaunti, vifanywe ndani ya miezi mitatu, klamidia ipimwe hata kwa asiye na dalili. Alafu maabara za umma chache za IVF, raundi moja au mbili, masharti yamechapishwa kwa ukuta na ni mamoja kaunti zote 47. Na umri uhesabiwe siku ile mtu alipoandikiwa rufaa ya kwanza. Hili la mwisho halionekani kama kitu kikubwa lakini bila hilo kila kikomo cha umri kitakuwa kinamwadhibu mgonjwa kwa foleni ambayo serikali yenyewe imeitengeneza.

Basi, wewe sasa. Kwenye swali lako lote mume wako hayuko. Umepigwa eksirei, umeambiwa mirija, umepewa bei, na hakuna mahali umeandika mzee amepimwa. Karibu nusu ya visa vya ugumba vina mchango wa mwanaume, na kipimo cha mbegu ndio rahisi kuliko vyote, akae siku mbili hadi saba bila tendo, apeleke sampuli, majibu yanatoka haraka. Yakiwa mabaya arudie baada ya kama miezi mitatu kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa. Usilipe hata shilingi ya IVF kabla ya hicho kipimo. Najua atasema yeye ako sawa. Mwambie daktari amesema hivi, mimi nitabeba lawama.

La pili, tafuta ile filamu ya HSG yenyewe, si ripoti tu, na uulize imeziba wapi. Ikiwa imezibia karibu na kizazi pande zote mbili, kuna uwezekano mirija ilikaza tu kwa maumivu wakati dawa inaingizwa, hutokea sana, na hapo kabla ya kuhukumiwa IVF ni vizuri kurudia au kufanya laparaskopi wakuangalie kwa kamera. Ikiwa imezibia mwisho na imejaa maji, hiyo ni habari tofauti, manake hayo maji yakirudi kwenye kizazi yanapunguza nafasi ya IVF karibu nusu, na mirija hiyo inapaswa kutolewa au kufungwa kwanza. Kuna wanawake wamelipa raundi mbili za laki tano na mrija wa maji uko ndani, hakuna aliyewaambia. Oparesheni za akina mama ziko kwa kifurushi cha upasuaji cha SHA, kwa hivyo mwambie daktari aombe idhini kabla ya kukupangia siku, hapo ndipo makato yako yanaweza kukufanyia kazi kidogo. Uliza pia kuhusu TB, hasa kama uliwahi kuugua au hedhi yako imepungua sana, matibabu yake ni bure kwa hospitali za serikali.

Achana na zile chai za kusafisha mirija zinazouzwa kwa simu. Kovu halisafishwi na chai. Na ile mikopo ya simu usiiguse kwa jambo hili, riba itakufikia kabla ya majibu ya mimba, bora sacco au chama chenu mzungumze mapema.

Ikifika kweli ni IVF, na kwa miaka 33 bado una nafasi nzuri, usiikimbilie kesho lakini usiiweke miaka minne pia. Ukiwa Hurlingham uliza hiyo laki tano ina nini ndani: dawa za sindano zimo? Dawa ya usingizi? Kugandisha, kuhifadhi, na kupandikiza mara ya pili kama ya kwanza ikikataa? Kliniki nyingine zina bei ya chini kwa bango kwa sababu dawa hazimo. Uliza wanapata watoto wangapi wazima kwa wanawake wa umri wako, si vipimo vya mimba vilivyotoka chanya, kwa sababu hapa hatuna daftari la umma kama la HFEA la kufungua ulinganishe kliniki, neno lao ndio unalo. Uliza leseni ya KMPDC, lile baraza linalosimamia madaktari na hospitali. Angalia wanavyokujibu ukiuliza hayo, kliniki nzuri haikasiriki.

Na umwambie mzee aje na wewe siku hiyo. Daktari akisema hakuna haja ya kumpima, toeni filamu yenu hapo mezani mwende kwa mwingine.